Simu Imepotea, Haki za Watu Ziko Wapi?

 

Miongoni mwa mambo yanayofikishwa katika ofisi ya msikiti, ukiacha ndoa, talaka na mirathi, siku hizi limo pia la kupotea kwa simu. Huenda msomaji akauliza: simu na msikiti wapi na wapi? Jibu ni kwamba simu haipotei peke yake. Ndani yake mna fedha za mwenyewe na za wengine, mna madeni aliyokopa na aliyokopesha, mna namba za ndugu ambazo hazikuandikwa mahali pengine popote, mna picha za harusi zilizopigwa upande wa wanawake, na mna siri za watu waliomwamini wakamweleza shida zao. Vyote hivyo vikitoweka kwa dakika moja, huzuni hufuatwa na maswali, na maswali yakikosa majibu huzaa ugomvi. Ugomvi ndio unaoletwa kwetu.

Wiki hii tunalieleza tukio moja la mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Wahusika wameridhia lielezwe, nasi tumeyaacha majina yao.

Yupo mama mmoja, mjane aliyevuka miaka 60, ambaye ni mshika fedha wa kikundi cha akina mama 18. Kila wiki kila mmoja wao hutoa shilingi 12,000. Shilingi 10,000 ni za upatu, ambao hukabidhiwa mmoja wao kila Ijumaa kwa zamu, na shilingi 2,000 ni za mfuko wa maradhi na misiba. Wapo wanaotuma kwa simu, na wapo wanaotoa mkononi, sokoni au mlangoni baada ya swala. Hesabu yote, nani ametoa na nani bado, mama huyu aliiandika ndani ya simu yake kama alivyofundishwa na mjukuu wake. Kwa muda wa miaka miwili hesabu hiyo haikupungua shilingi wala kuzidi.

Alhamisi moja, akitoka Kariakoo kununua unga na mafuta ya biashara yake ya maandazi, simu ilichomolewa mkobani ndani ya daladala. Aligundua aliposhuka kituoni akitaka kumpigia kijana wa bodaboda aje kumchukua na mizigo. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na zamu ya upatu ilikuwa ya mama mwenzake ambaye mwanawe alitakiwa kuripoti shule ya bweni Jumatatu, naye alikuwa hajanunua godoro wala sare.

Mshika fedha alikumbuka kwa kichwa watu 13 waliokwisha kutoa wiki ile: 9 kwa simu na 4 mkononi. Habari ilipoenea, watu 16 walisema wametoa. Tofauti ilikuwa ya watu watatu, yaani shilingi 36,000. Kwa wengi wetu hicho si kiwango cha kuvunja udugu, lakini jioni ile maneno yalianza. Mmoja alisema, "Simu nazo hupotea siku ya hesabu." Mwingine akasema kwamba wale watatu wameiona nafasi wakaitumia. Kufikia Isha mama wa watu alikuwa hali wala hanywi, na waliokuwa wakishinda wote kibarazani hawakutoleana salamu.

Tuliombwa kusuluhisha. Siku ya Jumamosi baada ya Alasiri kikundi kizima kilikaa katika chumba cha madrasa pamoja na imamu na wawili katika sisi wa kamati. Imamu alianza kwa kuwakumbusha makatazo yaliyomo katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, kuhusu dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Kisha akaeleza kanuni waliyoifuata mafakihi katika madai: anayedai hutakiwa kuleta ushahidi, na anayekana hutakiwa kula kiapo. Akauliza, "Je, wewe mama, unakana kwamba hawa watatu wamekupa?" Mama akajibu kwamba hakani wala hakubali, kwa kuwa hakumbuki, na hawezi kuapa kwa jambo asilolikumbuka. Jibu hilo lilituliza mkutano kuliko hotuba yoyote. Mtu mwenye nia ya kula mali ya watu angeona wepesi wa kukana.

Basi hatukufika kwenye kiapo. Kila mmoja alifungua simu yake mwenyewe na kusoma ujumbe wa muamala. Mshika fedha alikuwa amekwisha kurudishiwa laini yake asubuhi ile, na salio lilikuwa salama kwa sababu mwizi hakuijua namba ya siri. Taarifa ya miamala ilionesha wale 9 bila shaka. Wale 4 walikuwa na mashahidi. Kati ya wale watatu, wa kwanza aliusoma ujumbe wake kwa sauti, akagundua tarehe yake ni ya wiki iliyotangulia. Alikuwa amelipa deni la nyuma akidhani ni la wiki mpya. Wa pili alimpigia kijana wake aliyekuwa amempa fedha azitume, na kijana akasema bado anazo mfukoni. Wa tatu alishikilia kwamba alitoa mkononi siku ya Jumanne pale sokoni, penye watu wengi, na hapakuwa na aliyeona wala aliyekataa.

Mshika fedha alisema, "Kama dada yangu anasema amenipa, basi nitailipa mimi." Wenzake hawakukubali. Waliamua kwamba shilingi 12,000 hizo zibebwe na mfuko wa kikundi, na asiulizwe tena yeyote. Hadi leo hakuna ajuaye ukweli wake isipokuwa Allah (SW), na kikundi kimeridhika kuishi bila kujua. Upatu ulikabidhiwa Jumapili, mtoto akaenda shule. Siku hiyohiyo walinunua daftari la jalada gumu.

Ndugu wasomaji, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara. Haizungumzii swala, wala saumu, wala Hija. Inazungumzia kuandikiana deni: liandikwe likiwa dogo au kubwa, muda wake utajwe, awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Hekima yake imetajwa humohumo, kwamba kuandika ni uadilifu zaidi, huutia nguvu ushahidi na huondoa shaka. Tulipokaa na akina mama wale tuliiona hekima hiyo kwa macho. Shilingi 36,000 zilikaribia kuvunja undugu wa watu 18 kwa sababu maandishi yalikuwapo mahali pamoja tu, na mahali hapo palitiwa mfukoni na mwizi.

Wapo watakaosema kwamba simu nayo huandika. Ni kweli. Lakini maandishi yanayokusudiwa katika aya hiyo ni yale ambayo pande zote mbili zinaweza kuyarejea. Hesabu iliyofungwa kwa alama ya kidole cha mtu mmoja ni kumbukumbu yake yeye, na ushahidi wake kwa wengine ni dhaifu. Kwa hiyo kikundi kile sasa kina daftari. Anayetoa mkononi huandikwa jina na tarehe, naye hutia saini. Mwisho wa wiki ukurasa hupigwa picha na kutumwa katika kundi la WhatsApp la wanachama wote. Simu ikiibwa, daftari lipo. Daftari likilowa, picha zipo katika simu 18.

Sasa tuseme machache kuhusu saa za mwanzo baada ya msiba huu, maana wengi huzipoteza kwa kuzunguka vituoni wakimtafuta kondakta.

La kwanza ni kusema maneno ya istirjai na kutulia, kwani subira inayosifiwa ni ile ya pigo la mwanzo. La pili ni kuazima simu ya aliye karibu na kupiga kwa kampuni ya simu ili laini ifungwe pamoja na huduma ya fedha. La tatu ni kuwaarifu jamaa. Wezi wengi hawashughuliki na namba ya siri. Huandika kwa ndugu wa mwenye simu kwamba amepata ajali, atumiwe fedha haraka. Ndugu mwenye huruma hutuma kabla ya kuuliza. La nne ni kubadili neno la siri la barua pepe, kwa kuwa mwenye kuishika barua pepe ya mtu huweza kuzifungua nyumba zake nyingine zote za mtandaoni. Kwa simu janja iliyounganishwa na akaunti, inawezekana pia kuitafuta, kuifunga au kufuta vilivyomo kwa kutumia simu nyingine. Kisha ndipo polisi, kwa ajili ya taarifa ya upotevu.

Katika kurudisha laini, tumewaona wazee wengi wakikwama. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza hapa Tanzania mwaka 2019, anayetaka kurudishiwa namba yake hutakiwa kuwa ndiye aliyesajiliwa. Wapo mama na baba zetu wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watoto, wapangaji au mawakala. Siku laini inapopotea, mwenye kidole yuko Mwanza au Muscat, au haelewani tena na mzee. Watoto na wafanye wema huu mwepesi: wapige *106# katika simu ya mzazi na kuangalia jina lililosajiliwa. Likiwa si lake, lirekebishwe mapema, laini ikiwa bado iko mkononi.

Aidha, mtu anapoiweka WhatsApp katika simu mpya, hutumiwa tarakimu sita za kuthibitisha. Tarakimu hizo haziombwi na mtu yeyote mwenye nia njema. Atakayepiga akasema, "Nimekosea, nimeituma kwako, nisomee," huyo ni mwizi wa pili baada ya yule wa daladala.

Tumezungumza na aliyepoteza; inabaki haki ya kuzungumza na aliyeokota na aliyenunua, maana nao ni majirani zetu na wengine wao husimama nasi katika safu.

Mtume (SAW) aliulizwa kuhusu kilichookotwa. Katika Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Zayd bin Khalid al-Juhani (RA), alielekeza kwamba muokotaji akitambue chombo chake na kifungio chake, kisha akitangaze kwa muda wa mwaka mmoja. Tuangalie undani wa mafundisho hayo. Kutambua chombo na kifungio ni kujua alama ambazo mwenyewe pekee anaweza kuzitaja. Kwa simu, alama hizo ni ganda lake, ufa wa kioo, picha ya mbele na uwezo wa kuifungua. Muokotaji hana haja ya kupekua picha na jumbe ili kumjua mwenyewe. Ajizuie, kwa kuwa humo mna sitara za wake na mabinti wa watu. Aiache ikiwaka, apokee itakapoita, aseme, "Nimeiokota, njoo uchukue." Kuizima na kutoa laini ni hatua ya kwanza ya dhuluma, hata kama mkono ulioifanya ulikuwa ukitaka tu kujifikiria kwanza.

Tunapenda pia kukumbusha adabu ambayo wengi hawaijui. Kutangaza ndani ya msikiti kitu kilichopotea kumekatazwa katika Hadithi sahihi, kwa sababu misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Anayekuja kwetu akiomba kipaza sauti kabla ya hotuba asione tumemnyima msaada. Tangazo lake hubandikwa mlangoni, na husemwa nje ya msikiti watu wanapotoka.

Ama aliyenunua, huyu ndiye soko la mwizi. Yule mama, siku ya nne bila simu, alifuatwa na kijana akiwa na simu nzuri isiyo na boksi, isiyo na risiti wala chaja, kwa bei ya maandazi ya wiki mbili. Watoto wake walimsihi achukue. Alimtazama kijana akamwambia, "Mwanangu, mimi sinunui kilio cha mwenzangu." Ndugu wasomaji, kila tunapofurahia simu ya bei ya kutupa inayouzwa kwa kunong'onezwa, tujiulize ni nani anazunguka sasa hivi kituoni akilia. Kununua kilichotumika hakuna ubaya. Lakini tununue kwa mwenye duka anayejulikana, kwa risiti, na tupige *#06# kulinganisha tarakimu 15 za utambulisho wa simu na zile zilizoandikwa kwenye boksi.

Baada ya wiki mbili mama alipata simu. Alichagua mwenyewe: kitochi chenye vitufe kwa ajili ya fedha za kikundi, kinachokaa naye siku zote, na simu janja ya bei ya kati inayobaki nyumbani, ambayo haendi nayo sokoni. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuzoea, ambayo watu huidharau.

Vidole vyake vilikuwa vimezoea njia za simu ya zamani. Alijua kwa kugusa tu mahali pa kumpigia dada yake wa Tanga. Katika simu mpya aligusa palepale, akampigia fundi wa friji. Herufi zilikuwa ndogo kama chunguchungu. Mjukuu wake alimjibu kwa haraka, "Bibi, si nilishakuonesha?" Tunalitaja hili kwa sababu ni la nyumba nyingi. Mzazi aliyetufundisha kushika kijiko na kutamka alifu hakutuhesabia mara. Tumkuzie maandishi, tumpunguzie vilivyojaa mbele ya kioo, tukae naye siku tatu au nne jioni, na tumwache aguse mwenyewe badala ya kumpokonya na kumalizia. Kuonesha kuchoka mbele ya mzazi ni jambo ambalo Qur'ani imelikataza hata kwa kiwango cha kuguna.

Siku ya pili ya simu mpya, adhana ya Alasiri ililia mama akiwa amekwisha kuswali yapata saa moja nyuma. Alishtuka akadhani ameswali kabla ya wakati, akarudia. Alituuliza, tukaichunguza programu yake. Ilikuwa imewekwa katika hesabu ya madhehebu ya Hanafi, ambayo kwayo Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapofikia mara mbili ya kimo chake, ukiacha kivuli cha adhuhuri. Sisi tulio wengi hapa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo wakati huingia kivuli kinapofikia kimo kimoja. Zote mbili ni kauli za maulamaa wakubwa, lakini mtu apaswa kujua simu yake inafuata ipi. Swala yake ya kwanza ilikuwa sahihi. Aidha aangalie kwamba mji uliowekwa ni wake, hasa kabla ya Ramadhani, kwani katika Alfajiri na Magharibi tofauti ya dakika chache ni tofauti ya saumu.

Kibla nacho kilimsumbua. Mshale wa simu ulielekea upande wa baharini. Hapa Dar es Salaam tuko karibu na nyuzi 39.3 za mashariki, na Makka iko karibu na nyuzi 39.8. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, kikipinda kidogo mno kuelekea mashariki. Mshale unaoelekea baharini umekosea. Sababu ilikuwa ganda jipya la simu, ambalo kifungio chake kina sumaku. Lilipovuliwa, na simu ikazungushwa hewani mara kadhaa kwa mchoro wa tarakimu 8, mshale ulirudi mahali pake. Mama alisema kwamba kibla cha chumba chake amekijua tangu alipoolewa, na ilimshangaza kwamba kwa dakika moja alikuwa tayari kukiamini kitu cha siku mbili kuliko msikiti wa miaka mingi. Tuliona ni maneno ya kuhifadhiwa.

Lakini lipo ambalo halikurudi. Katika simu iliyoibwa mlikuwa na jumbe za sauti za marehemu mumewe, alizozituma kutoka hospitali katika miezi yake ya mwisho. Mama alikuwa akizisikiliza baada ya Isha. Namba zilipatikana, makundi ya WhatsApp yalirudi pale alipojisajili, picha nyingi zilikusanywa kwa ndugu, ila jumbe zile hazikuwa zimehifadhiwa popote. Wifi yake alitafuta katika simu yake akapata mmoja, wa sekunde chache, ambamo marehemu anauliza kama mvua imenyesha na kama paa la jiko limezibwa. Hiyo ndiyo sauti yake iliyobaki duniani.

Tulimwambia mama yale tuliyojifunza kwa mashekhe wetu, kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Sauti huwaliwaza waliobaki, na hilo si dogo. Dua humfikia aliyekwenda. Sasa baada ya Isha, mahali pa kusikiliza, mama huomba. Na ule ujumbe mmoja umehifadhiwa katika simu tatu.

Kuna jambo moja tulilolibeba kutoka katika kisa hiki. Simu ya mtu inapopotea, mwenyewe yupo hai: anaulizwa, anakumbuka, anakwenda kwa kampuni na kidole chake. Pamoja na hayo, siku mbili zilitosha kuzusha dhana mbaya. Je, siku atakapoondoka mwenye simu mwenyewe, na simu ikabaki mezani imefungwa kwa kidole kilichokwisha kuzikwa? Deni alilokuwa nalo nani atalijua? Fedha za kikundi zilizomo katika laini yake nani atazitenga na mirathi? Watoto watagawana mali ya watu wakidhani ni ya baba yao, na marehemu atabaki na mzigo. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba haimfalii Muislamu mwenye jambo la kuusia alale usiku wa pili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Hayo yalisemwa zama ambazo mali ilionekana kwa macho: ngamia, mitende, dinari. Sisi ambao mali na amana zetu zimejificha nyuma ya kioo tuna haja kubwa zaidi ya kuandika.

Kwa hiyo tunaziomba familia zetu jambo jepesi la wiki hii. Usiku mmoja baada ya chakula, baba na mama wachukue daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza uwe wa namba kumi muhimu, zilizoandikwa kwa wino. Wa pili uwe wa tunaowadai na wanaotudai, kwa tarehe na kiasi. Wa tatu uwe wa fedha za watu wengine tulizoshika, na mahali zilipo. Namba za siri zisiandikwe humo. Mwenzi, au mtoto mkubwa mwaminifu, ajue daftari linakaa wapi. Na anayeshika fedha za msikiti, za madrasa, za upatu au za kuzikana awe na mwenzake anayeona hesabu ileile, kwa maana hilo humlinda yeye kabla ya kuwalinda wanaomwamini.

Tunamuomba Allah (SW) atuwezeshe kuzifikisha amana kwa wenyewe, atuhifadhie nyumba zetu na sitara zetu, ampe subira kila aliyepotelewa, na amuongoze aliyechukua kisichokuwa chake akirudishe kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.